Siku ya Malipo Iandikwe Kabla Kamera Haijawashwa

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya vijana wenzangu hapa Tunduma. Wengi mliomba yaandikwe ili wasiokuwepo nao wayapate. Nimeyaacha karibu yalivyotoka mdomoni.)



Najua wapo waliokuja wakitegemea niongelee ushuru wa mpakani au foleni ya malori, kwa sababu ndiyo habari ya mji huu kila siku. Leo nataka niongelee hela ya kijana anayeshika kamera, anayebeba taa, anayenyoosha maiki juu ya kichwa cha mwigizaji, anayewasha jenereta saa kumi na moja alfajiri. Msicheke. Humu ndani wapo wanaopiga video za harusi Majengo na Sogea, wapo wanaorekodi kwaya zetu, na wapo waliowahi kuchukuliwa na kampuni za tamthilia zilizokuja kushuti huku kwetu. Nyoosheni mikono mnaodai hela ya kazi mliyomaliza zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Haya, angalieni wenyewe hiyo mikono. Hilo ndilo jambo langu.

Naanza na kitu mnachokijua. Hapa mpakani kuna makuli. Kuli anashusha mifuko kutoka lori moja kwenda jingine, jasho linamtoka, na mfuko wa mwisho ukishaguswa chini anapewa hela yake. Akizungushwa, mzigo hautoki. Kelele zitapigwa, dereva atakwama, wakala wa forodha atapiga simu kwa tajiri, na hela itapatikana. Kuli hana mkataba wala mwanasheria. Nguvu yake ni kwamba mzigo bado upo mbele ya macho yake.

Sasa mwangalie kijana wa kamera. Amefanya kazi siku kumi. Mzigo wake uko wapi? Uko kwenye memori kadi ndogo kama ukucha. Prodyuza anaichomoa, anaitia mfukoni, anapanda basi la Dar es Salaam, na kazi yote ya siku kumi imeondoka. Kuanzia hapo kijana hana cha kushikilia. Amebaki na namba ya simu, na namba ya simu inaweza isipokelewe.

Ndiyo maana nasema kucheleweshewa malipo kwenye filamu na televisheni hakutokani na roho mbaya ya mtu mmoja mmoja peke yake. Kazi inaondoka kabla ya hela kufika. Tusipolirekebisha hilo, tutabadilisha maprodyuza mpaka tuzeeke na mikono itanyooshwa ileile.

Niwape la kwangu. Niliwahi kufanya kazi ya sauti kwenye tamthilia iliyoletwa huku na kampuni moja, jina lake naliacha kwa sababu sikuja hapa kugombana na mtu. Tulishuti barabarani kwenye malori, tukaenda mpaka kwenye kimondo cha Mbozi, tukalala chumba kimoja watu watano. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: elfu thelathini kwa siku, utalipwa "kituo kikishatoa mzigo". Siku ya mwisho tukapewa nauli na pole. Mwezi wa kwanza nikaambiwa kazi iko kwa mhariri. Mwezi wa pili, kituo kimeomba marekebisho. Mwezi wa tatu, mhasibu amesafiri. Nililipwa nusu mwezi wa saba, na nusu nyingine naisikia kwenye maombi tu. Mwezi ule wa saba tamthilia ilikuwa imeshaanza kuonyeshwa, na mama mwenye nyumba wangu alikuwa anaifuatilia kila jioni. Alikuwa ananipa hongera na kunidai kodi kwa wakati mmoja.

Makamanda, kwenye ile miezi saba nani alikuwa anamkopesha nani? Mwenye nyumba hakusubiri, wala wa duka, na vocha ya simu hainunuliwi kwa ahadi. Mimi nilikopa kwa watu ili niishi, wakati kampuni inaishi kwa hela yangu. Sisi tusio na kitu ndiyo tuliochangia mtaji wa ile tamthilia, bila riba, bila kuombwa na bila jina letu kuandikwa popote kama wawekezaji.

Tuone mnyororo unavyokwenda. Juu kabisa yuko mwenye kituo au mteja: kampuni ya matangazo, shirika, taasisi ya serikali, halmashauri inayotaka video ya miradi yake. Yeye analipa kwa awamu, na mara nyingi awamu kubwa inakuja baada ya kukabidhiwa kazi. Chini yake yuko prodyuza, ambaye ameanza kazi na hela pungufu. Huyo inabidi alipe mafuta ya jenereta papo hapo, kwa sababu sheli haikopeshi. Atamlipa mwenye gari na mama ntilie, maana wasipopata chao kesho hawaji. Staa naye atapewa angalau nusu, kwa sababu bila sura yake hakuna tamthilia. Anabaki nani? Mtu wa sauti, mtu wa taa, mshona mavazi, msaidizi wa kamera, dereva wa bodaboda aliyekuwa anapeleka waya. Hatari yote ya biashara imeteremshwa ngazi kwa ngazi mpaka imemkuta asiye na pa kuiteremshia.

Na mtu huyu ana hali mbaya kuliko mwigizaji kwa jambo moja. Mwigizaji akidhulumiwa, angalau sura yake inajulikana, kesho atapata tangazo. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 nayo inawatambua watunzi na waigizaji. Aliyeshika taa hana mrabaha wala mashabiki. Ujira wa siku ndiyo kila kitu chake. Ukichelewesha huo, hujamwachia chochote.

Hata wenye majina hawajapona. Mnamkumbuka mzee King Majuto, Amri Athumani, wa Tanga. Nchi nzima ilicheka naye. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, suala la mikataba aliyoingia na kampuni likawa habari ya taifa, na waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati ule, Dkt. Harrison Mwakyembe, mtu wa Kyela hapo jirani, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee alifariki 8 Agosti mwaka huohuo. Sasa jiulizeni: kama mtu maarufu vile alihitaji waziri na kamati ndipo mikataba yake ifunguliwe, kijana wa Chapwa aliyebeba stendi ya taa atafunguliwa mkataba wake na nani? Tena mkataba wenyewe hana.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi tunadhani sheria haituhusu. Inatuhusu.

La kwanza. Mtaambiwa "wewe siyo mwajiriwa, wewe ni frilansa". Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inaweka vigezo. Kama unafanya kazi chini ya maelekezo ya mtu, kama yeye ndiye anayepanga saa zako, kama anakupa vifaa vya kazi, na vingine kadhaa, basi kimoja tu kikiwepo unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uliitwa saa kumi na moja alfajiri, ukaambiwa simama hapa, shika hiki, nyamaza. Hayo ni maelekezo au siyo?

La pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, ikiwemo ujira na namna unavyokokotolewa, kama unamfanyia kazi siku sita au zaidi kwa mwezi. Na kesi ikifika mbele, mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Kwa hiyo kukosa karatasi kusikutishe. Ilikuwa kazi yake kukupa. Sheria hiyohiyo inasema ujira ulipwe siku ya malipo mliyokubaliana. "Kituo kikilipa" siyo siku. Kalenda haina tarehe ya namna hiyo.

La tatu, na hili liandikeni. Dai la ujira linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba moja. Muda wa kufungua mgogoro ambao siyo wa kuachishwa kazi ni siku 60 tangu ulipotokea. Kwa kuachishwa kazi ni siku 30. Siku 60, makamanda! Sasa hesabuni na mimi: "mhariri hajamaliza", mwezi mmoja, "kituo kimeomba marekebisho", mwezi wa pili. Umeshafika siku 60 ukiwa bado unaitwa "mdogo wangu, vumilia". Unaweza kuomba uongezewe muda, lakini lazima uwe na sababu za msingi, na huruma kwa prodyuza sidhani kama ni mojawapo. Zile njoo kesho zinakula hela yako na zinakula haki yako ya kuidai pia.

La nne. Tunzeni meseji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki. Ile WhatsApp aliyokuandikia "utachukua elfu thelathini kwa siku, njoo Jumatatu" ni mali. Usiifute kwa sababu simu imejaa. Futa video za mpira.

Wapo watakaosema Tanzania tasnia bado changa, tuwaache wakue kwanza. Tuangalie wenzetu. India, ambako zinatoka tamthilia tunazoziangalia huku zimewekwa Kiswahili, tasnia yao si changa hata kidogo, na bado watu wa televisheni wanalalamika kusubiri siku 90 ndipo walipwe. Kwa hiyo kukua peke yake hakutibu. Oktoba 2008 shirikisho la wafanyakazi wa filamu wa Mumbai, FWICE, liliitisha mgomo, na moja ya malalamiko makubwa lilikuwa malipo kuchelewa. Kamera za mji ule zilisimama siku kadhaa, mastaa kwa wabeba taa.

Marekani, chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kinaweza kumtaka prodyuza aweke fedha ya dhamana kabla ya kuanza kushuti, ili akikwama watu walipwe kutoka humo. Jiji la New York lina sheria iliyoanza kutumika Mei 2017 kwa wafanyakazi wa kujitegemea: kazi ya dola 800 na kuendelea iwe na mkataba wa maandishi, na kama siku ya malipo haikutajwa, hela ilipwe ndani ya siku 30 baada ya kazi kumalizika. Hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Yalidaiwa na watu waliojipanga.

Na nisiwadanganye, kujipanga kuna gharama. Afrika Kusini, Agosti 2014, waigizaji 16 wa tamthilia ya Generations waligoma kwa ajili ya malipo na mikataba, wakafukuzwa wote kwa mkupuo. Walikuwa wanajulikana nchi nzima. Kwa hiyo sisemi mtu mmoja wa Tunduma aende akagome peke yake kwenye lokesheni. Atabadilishwa kabla ya chai. Nasema twende kwa hesabu, na twende wengi.

Nawatendea haki pia maprodyuza wadogo, maana wapo humu. Najua kuna prodyuza aliyeuza kiwanja ili atoe filamu, na mteja wake hajamlipa. Najua kuna vikundi vya vijana vilivyochukua mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10, wanne wa wanawake, wanne wa vijana, wawili wa watu wenye ulemavu, wakanunua kamera. Rejesho la mkopo lina tarehe. Mteja hana tarehe. Hao nao wanabanwa. Lakini ndugu yangu prodyuza, kama mteja anakubana, shikana na watu wako umbane yeye. Usimgeuzie mbeba taa mgongo halafu umwite familia. Kama hela ya siku kumi huna, shuti siku tano. Kama hela ya watu kumi huna, chukua sita uwalipe. Dawa ya deni ni kulipa, na kinga yake ni kutolikopa usipoliweza.

Na wale waumini, hili halihitaji hata mwanasheria. Torati inakataza ujira wa kibarua kulala kwa tajiri mpaka asubuhi, na Waislamu wanafundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Huku kwetu jasho limekauka, limeoshwa, na shati lenyewe limechakaa.

Sasa tufanye nini? Nina mambo matano, na la mwisho litatuuma.

Moja: sisi wa Songwe tunaofanya kazi hizi tuwe na orodha moja na bei moja ya chini. Kampuni ikija kushuti huku, ikute watu wanaoongea lugha moja, kutoka Tunduma mpaka Ileje.

Mbili: nusu kabla kamera haijawashwa, na nusu siku ya mwisho kabla ya kambi kuvunjwa. Tarehe iandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, isainiwe na kupigwa picha. Tunarudi kwa kuli: hela ikutane na mzigo ukiwa bado Tunduma.

Tatu: siku ya malipo ikipita, usihesabu miezi, hesabu siku. Ya 14, dai kwa maandishi. Ya 30, tukae tuandae fomu ya CMA. Tukiwa kumi wenye dai moja, twende kumi.

Nne, na hili ni la kisiasa: filamu haishutiwi nchi hii bila kibali cha Bodi ya Filamu. Serikali inajua kabisa thamani ya kamera; 2022 ilizindua The Royal Tour mpaka New York. Basi tudai kibali kiendane na uthibitisho kwamba hela ya watu wa kazi ipo na imetengwa. Tudai Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unapomkopesha prodyuza, ujira wa watu wake uwe sharti la mkopo. Na taasisi za umma zinazoagiza video zilipe kwa wakati, maana haiwezekani serikali itunge sheria ya ujira halafu iwe mwanzo wa mnyororo wa kuchelewesha.

Tano: tuanze nyumbani. Kwenye mikutano yetu kuna vijana wanaorusha matangazo mubashara, wanaofunga spika, wanaohariri vipande vya hotuba usiku kucha ili nyinyi mvione asubuhi. Anayejitolea kwa hiari yake tumshukuru. Lakini tuliyemwita kwa bei, tumlipe siku hiyohiyo kabla jukwaa halijafunguliwa. Naomba azimio hili liingie kwenye kumbukumbu za kikao cha leo, kwa vijana wa mkoa mzima: hakuna mkutano wetu utakaoitishwa bila hela ya mtu wa kamera na mtu wa spika kuwekwa pembeni kwanza. Tukishindwa hilo, tutasimama na sura gani kumwambia waziri habari za mikataba?

Chama kinachotaka kuongoza nchi kinapimwa na namna kinavyomlipa aliyekifungia spika. Hilo tunaweza kulifanya bila kushinda uchaguzi wowote, na tunaweza kulianza leo.

Wale mlionyoosha mikono, msiondoke. Tunakaa pale chini ya mwembe na daftari. Kila mmoja aje na jina la kazi, siku alizofanya, kiasi anachodai na tarehe aliyoahidiwa. Walio ndani ya siku 60 wapange foleni upande wa kulia, hao ndio wa haraka. Waliopitiliza wakae kushoto, nao tutaangalia namna.